Tugeuze Nyuzi, Tusimgeuze Mtoto

Kuna neno moja ambalo tumelisikia mara nyingi mno makanisani, katika vikundi vya muziki na hata nyumbani kwetu hapa Goma: “Weye, geuza ile gitaa!” Anaambiwa mtoto aliyeshika shingo ya gitaa kwa mkono wa kuume, akitaka kupiga nyuzi kwa mkono wa kushoto. Linasemwa haraka, bila kufikiri, kama mtu anavyomwambia mtoto apanguse pua. Mtoto anageuza. Tangu siku ile anaanza kuteseka, na sisi watu wazima tunaanza kusema kwamba hana kipaji.

Katika kurasa hizi tunataka kusema wazi kwamba neno hilo halina msingi. Si la mila yetu, ingawa linasemwa kwa jina la mila. Si la muziki, ingawa linasemwa na wanamuziki. Na kila mwaka linatupotezea wapigaji ambao hatutawajua kamwe. Mtu mmoja hivi kati ya 10 duniani huzaliwa na mkono wa kushoto wenye nguvu, yule ambaye Waswahili wa pwani humwita mashoto. Korali yenye vijana 40 inaweza kuwa na 4 wa namna hiyo. Wako wapi? Angalieni wapigaji wa gitaa Jumapili: wote wameelekeza shingo upande mmoja, sawa askari kwenye gwaride.

Mila inasema nini, na haisemi nini

Hatutaki kuanza kwa kuwatukana wazee. Mila ya mkono iko, na ni yetu kweli. Katika Kivu yote, mtoto aliyelelewa vizuri anasalimu kwa mkono wa kuume, anapokea kwa mkono wa kuume ao kwa mikono miwili, na hampi mzee kitu kwa mkono wa kushoto. Lugha zetu zenyewe zinashuhudia. Kwa Kiswahili tunasema mkono wa kuume, yaani wa kiume. Kwa Lingala wanasema loboko ya mobali, mkono wa mwanaume, na ule mwingine wanauita loboko ya mwasi, mkono wa mwanamke. Kwa Kinyarwanda upande wa kuume ni iburyo, neno linalotokana na kula, sawasawa na Kiswahili kinaposema mkono wa kulia.

Lakini tusikilize vizuri maneno hayo, kwa maana yanatuonyesha pia mpaka wake. Mkono wa kulia ni mkono wa kulia chakula. Hakuna lugha yetu iliyosema ni mkono wa kupigia gitaa. Mila ya mkono ni adabu ya watu wawili wanapokutana: kusalimiana, kupeana, kula sahani moja. Kati ya mtu na chombo chake cha kazi, mila haikusema kitu. Nani amewahi kumwambia mwendeshaji wa chukudu apige goti lipi juu ya ubao na asukume kwa mguu upi? Tumemsimamishia sanamu yake hapa mjini kwa sababu anafikisha mzigo, si kwa sababu ya goti. Na kwenye mpira je? Kijana mwenye mguu wa kushoto anatafutwa na makocha, anasifiwa, watu wanamwita Messi wa kartye. Mguu wa kushoto ni baraka, lakini mkono wa kushoto ni laana? Bongo hiyo.

Kama tunataka kweli kuuliza mila kuhusu muziki, tuulize vyombo vya mila. Ngoma inapigwa kwa mikono miwili, na hakuna mzee anayempima mpigaji kwa mkono unaoanza. Likembe inashikwa kati ya viganja viwili, na vidole gumba vyote viwili vinafanya kazi. Kidole gumba cha kushoto kikilala, wimbo unakufa. Nanga, ambayo Washi huiita lulanga na ambayo majirani wetu wa Rwanda huiita inanga, inanyofolewa kwa vidole vya mikono yote miwili. Mababu walijua kwamba mikono inasaidiana. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Basi anayesema kwamba mila inakataza kupiga nyuzi kwa kushoto, atuonyeshe ni mila ya nani. Sisi tunaona alama nyingine: fimbo ya mwalimu wa zamani, aliyempiga mtoto vidoleni kwa sababu ameshika kalamu kwa kushoto. Ule haukuwa ukali wa Kiafrika peke yake. Huko Ulaya pia, kwa miaka mingi, watoto walilazimishwa kuandika kwa kuume, na shule ya mkoloni ilituletea desturi hiyo pamoja na ubao na chaki. Wenyewe wameiacha. Sisi tumeiokota, tukaivika vazi la mababu.

Gitaa ni mgeni, na tulikwisha kumgeuza

Gitaa si chombo cha mababu. Liliingia Kongo kwa bandari na mito, kwa mabaharia na wafanyakazi waliotoka Afrika ya Magharibi, kisha likafika kwenye kambi za migodi. Katanga ilitutolea Mwenda Jean Bosco, aliyezaliwa 1930 na kufariki 1990, ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 huko Jadotville, yaani Likasi ya leo. Ndipo wimbo wake “Masanga” ukaenda mbali. Mwenda alipiga kwa vidole viwili tu, kidole gumba na cha shahada: gumba likitembea kwenye nyuzi nene, shahada ikisema kwenye nyuzi nyembamba. Hakufundishwa hivyo na kitabu cha Ulaya. Gitaa la Kihispania linatumia vidole vingi zaidi. Hata Franco Luambo, ambaye Kinshasa nzima ilimwita bwana wa gitaa, alijulikana kwa kunyofoa nyuzi kwa gumba na shahada wakati wengine walitumia kipande cha plastiki tunachokiita mediatori.

Na si hivyo tu. Wapigaji wetu walifika mpaka kwenye nyuzi zenyewe. Lile gitaa tunaloliita mi-composé, linalotembea katikati ya solo na akompa, lilipatikana namna gani? Waliondoa uzi wa nne, ule wa re, wakaweka mahali pake uzi mwembamba unaolia juu zaidi kwa oktavu moja. Mtengenezaji wa gitaa hakuwapa ruhusa. Hawakuandika barua kumwomba. Waliona muziki wao unahitaji hivyo, wakafanya, na leo ulimwengu mzima unakuja kujifunza rumba kwetu. UNESCO yenyewe iliiandika katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2021.

Sasa juu ya nini watu wale wale waliothubutu kubadilisha uzi kwa ajili ya sauti, waogope kubadilisha nyuzi kwa ajili ya mtoto?

Kwa nini mkono wa kupiga ndio unaoumia

Kuna hoja moja ambayo hata wapigaji hodari wanaitoa, nayo inastahili jibu. Wanasema: “Mashoto njo mwenye bahati! Mukono yake ya nguvu iko kwa shingo, na ku shingo njo kuko kazi nguvu.” Kwa hiyo, wanasema, akipiga kama sisi atatupita.

Hoja hii inaonekana kuwa na akili mpaka unapouliza swali moja. Kama shingo ndiyo inayohitaji mkono bora, kwa nini watu wa kuume, ambao ni wengi na ndio waliopanga chombo, hawakuweka mkono wao bora kwenye shingo? Waliuweka kwenye nyuzi. Hawakukosea. Mkono wa shingo unachagua sauti, lakini mkono wa nyuzi ndio unaosema sasa. Ndio unaoshika wakati. Katika sebene, pale ambapo mpiga solo anarudia kifungu kimoja kifupi mara 20, mara 30, huku wachezaji wakingoja mguu utue, kosa dogo sana la wakati linasikika hata na mtu aliye nje ya ukuta. Vidole vya shingo vikichelewa kidogo, mkono wa nyuzi unaweza kuwaokoa. Mkono wa nyuzi ukiyumba, hakuna wa kuokoa kitu.

Njo maana mashoto aliyegeuzwa anateseka mahali maalum. Akodi anazijua upesi. Wiki ya pili anabadilisha do na fa na sol vizuri, mwalimu anafurahi. Halafu inakuja kazi ya kupiga nyuzi moja moja, chini na juu, chini na juu, kwa mwendo wa wimbo, na hapo mkono wa kuume unakuwa mti. Mediatori inakwama kwenye uzi. Bega linapanda. Ule mdundo anaousikia kichwani, ambao mkono wake wa kushoto unaweza kuupiga juu ya meza bila kosa, hautoki. Mwalimu anamwambia aongeze mazoezi. Anaongeza. Baada ya miezi kadhaa anapewa kazi ya kubeba nyaya za sauti.

Tumewaona vijana wa namna hiyo. Baadhi yao walikuwa wamejitengenezea gitaa utotoni kwa bidoni ya mafuta, ubao na nyaya za breki za baiskeli, nao walipanga nyaya hizo kadiri mkono wao ulivyotaka. Gitaa la bidoni halikuwauliza mkono. Gitaa la dukani ndilo lililowaaibisha.

Wale waliokataa kugeuzwa

Kama mtu anadhani mashoto hawezi, asikilize historia.

Elizabeth Cotten alizaliwa mwaka 1893 katika Karolina ya Kaskazini, Marekani, mtoto wa familia maskini ya watu weusi. Alijifunza kwa chombo cha kaka yake, kwa hiyo hakuweza kubadilisha nyuzi. Alikigeuza tu chombo chote, nyuzi nene zikawa chini na nyembamba juu. Vidole vikapiga besi, na kidole gumba kikaimba sauti ya wimbo: kinyume kabisa cha Mwenda wetu. Alifanya kazi za nyumbani za watu kwa miaka mingi, na mwaka 1985, akiwa amepita miaka 90, alipewa tuzo ya Grammy. Namna yake ya kupiga inafundishwa leo hata kwa watu wa kuume, nao wanaona ngumu kuifuata.

Albert King, mkubwa wa bluzi, naye alipiga gitaa lililogeuzwa bila kupanga nyuzi upya. Alipovuta uzi, aliuvuta kuelekea chini pale ambapo wengine wanausukuma juu, na sauti ile ikawa sahihi yake. Jimi Hendrix alichukua gitaa la kuume, akaligeuza na kupanga nyuzi upya. Inasimuliwa kwamba baba yake hakutaka apige kwa kushoto, akiona ni jambo la shetani. Msomaji wa Goma, unaona? Kumbe hata Seattle walikuwako! Paul McCartney wa Beatles alipopata gitaa lake la kwanza alishindwa kulipiga, mpaka alipoona picha ya Slim Whitman, mwimbaji wa Marekani aliyeshika gitaa kwa kushoto. Alitambua kosa halikuwa lake. Akageuza nyuzi.

Kwa haki tuseme pia upande wa pili: Mark Knopfler ni mashoto na anapiga kwa kuume, tena vizuri sana. Wako wengine kama yeye. Hatusemi kila mashoto lazima ageuze gitaa. Tunasema achague mwenyewe, baada ya kujaribu pande zote mbili. Mwenye kuchagua anavumilia ugumu. Mwenye kulazimishwa anauacha muziki.

Majibu kwa wanaopinga

Tunajua tutakayojibiwa.

La kwanza ni la Biblia. Wanasema kondoo wako kuume na mbuzi kushoto. Ndiyo, Matayo 25. Lakini someni sura ile mpaka mwisho: mbuzi hawakuhukumiwa kwa ajili ya mkono, walihukumiwa kwa sababu hawakumlisha mwenye njaa wala kumvika aliye uchi. Kisha fungueni Waamuzi 3, mkutane na Ehudi, mtu wa mkono wa kushoto, ambaye Mungu alimwinua kuwaokoa Israeli. Fungueni Waamuzi 20: wapiga kombeo 700 wa Benyamini, wote wa kushoto, ambao jiwe lao halikukosa hata unywele. Fungueni Mambo ya Nyakati ya Kwanza 12, kwenye watu wa Daudi waliotumia mikono yote miwili. Mhubiri anayetaka kuukemea mkono wa kushoto, aanze kwa kufuta sura hizo.

La pili ni la umaskini, na hili tunaliheshimu zaidi. “Tuko na gitaa moja, vijana watano. Tukigeuza nyuzi kwa mmoja, wane bapige nini?” Ni kweli. Makanisa na vikundi vyetu vingi vina vyombo vichache, na vile vinavyokuja kutoka Kampala, Dubai ao kwa wafadhili karibu vyote ni vya kuume. Lakini Elizabeth Cotten alikuwa na tatizo hilo hilo, chombo cha kaka yake, na jibu lake halikugharimu hata faranga moja: ageuze gitaa lote, nyuzi zibaki zilivyo. Akimaliza, anampa mwenzake, naye anaendelea. Nani amepoteza kitu?

Na pale ambapo kuna gitaa la pili, hata bovu, kazi si kubwa. Nyuzi sita zinavuliwa na kurudishwa kwa mpango wa kinyume. Kile kipande chenye mifereji sita mwishoni mwa shingo, karibu na kichwa, lazima kibadilishwe, kwa kuwa uzi mnene hauwezi kukaa katika mfereji wa uzi mwembamba, na mwembamba utachezacheza ndani ya mfereji mpana. Fundi mwenye msasa na tupa ndogo anaweza kukichonga kingine kwa mfupa wa ng'ombe. Kwenye gitaa la umeme, mahali nyuzi zinapokaa chini panarekebishwa kwa bisibisi. Kwenye gitaa la mbao, kile kipande cha chini kimewekwa mshazari kidogo, basi kisipogeuzwa, sauti zitapotoka unapopanda juu ya shingo. Kwa nyimbo za akodi za chini mtu ataishi nalo. Kwenye besi ni nyuzi nne tu. Vibonyezo vitakaa vibaya chini ya mkono, ni kweli. Hendrix naye vilimkaa vibaya.

La tatu ni methali: samaki mkunje angali mbichi. Tunaipenda methali hiyo, nasi tunaitumia kwa adabu na kwa masomo. Lakini tukumbuke kwamba samaki huyo anayekunjwa amekwisha kufa. Mtoto bado anaishi. Mtoto unamfundisha, hukunji mfupa wake kwa sababu sufuria yako ni ndogo.

Tunachoomba

Wazazi: endeleeni kufundisha salamu na sahani kwa mkono wa kuume. Hilo ni letu. Lakini mtoto akiokota kijiti na kuanza kupiga mdundo kwa kushoto, mwacheni.

Wachungaji na wakubwa wa korali: acheni kusema “unatupatisha haya mbele ya kanisa.” Haya iko wapi? Haya ni kumtoa mtoto kwenye sifa kwa sababu ya upande wa shingo ya gitaa.

Walimu wa gitaa: mwogopeni kidogo mashoto, kwa maana kumfundisha ni rahisi kuliko mnavyodhani. Mweke mbele yako uso kwa uso. Gitaa lako na lake yatakuwa kama mtu na kioo chake. Atafuata vidole vyako moja kwa moja, wakati mwanafunzi wa kuume anapaswa kugeuza kila kitu kichwani.

Na ninyi mashoto mliokwisha kugeuzwa, mnaobeba nyaya: siku moja, wakati hakuna mtu, likamateni gitaa upande wenu. Vidole vya shingo vitakuwa vijinga, vitauma, itabidi kuanza upya kama mtoto. Sikilizeni tu ule mkono mwingine, kama unashika wakati.

Mji huu umepitiwa na lava mwaka 2002, ikaja tena mwaka 2021, na kila mara watu wake wamepanga upya mawe yale yale na kujenga. Watu wa namna hiyo hawawezi kushindwa na nyuzi sita. Basi mtoto ajaye akishika gitaa “vibaya” mbele yenu, lile neno la zamani libaki mdomoni. Ulizeni lingine: “Unasikia muzuri na mukono gani?” Halafu ngojeni apige.